Naandika riwaya ya mwendesha mashtaka na ranchi ya Mzungu, nimekwama sura ya saba

MamaTaipu (Nakuru)

Habari za jioni wakuu. Mimi si mwanasheria. Nina kibanda cha kuchapa na kutoa kopi hatua chache kutoka kortini, mwaka wa kumi na moja huu. Hati za kiapo, barua za kuomba dhamana ipunguzwe, kesi za mipaka ya shamba, zote zimepita kwenye vidole hivi. Mawakili wachanga husimama nyuma yangu wakinisomea huku wanamenya ndizi, na mimi nachapa. Kwa hiyo lugha ya kesi ninayo. Ila ndani ya korti yenyewe nimeingia mara moja tu, nilipoitwa kueleza kama muhuri fulani ulichongwa kwangu. Haukuchongwa kwangu.

Sasa nimeanza riwaya, usiku, wateja wakiisha. Mhusika wangu ni Nasieku, mwendesha mashtaka wa serikali, miaka 34, Mmaasai. Mshtakiwa ni Mzungu mwenye ranchi, kizazi cha tatu hapa kwetu, anayejua Kiswahili cha salamu na cha matusi vilevile. Amempiga risasi kijana aliyeingia ranchini na mbwa kuwinda swala, na kijana amekufa. Aliyeona kwa macho ni mmoja, nyapara wa ranchi, na huyo nyapara Nasieku anamwita mjomba. Ndiye aliyempeleka shule baba yake alipofariki. Na karo ya sekondari, ambayo Nasieku aliamini miaka yote ni mshahara wa mjomba, ilikuwa inatoka mfukoni mwa mke wa Mzungu. Hilo analijua sura ya tano, kutoka kwa mama yake, wakichambua mboga.

Mama mtu anamwambia: ukimfunga yule, watu wote wale wa laini, nyumba za vibarua wa ranchi, watakula nini? Upande wa marehemu nao hawamtaki, wanasema huyu ni mtu wao, amekuzwa na makombo ya Mzungu. Kazini wenzake wanamtania kwamba kesi amepewa kwa sababu ya shuka, magazeti yapate picha.

Sura sita zimeteremka kama uji. Ya saba anasimama kortini, na hapo riwaya inanifia mikononi. Anahutubu! Kurasa nne za ukoloni na ardhi na haki, jaji anatikisa kichwa, watu wanalia. Nimeisoma jana nikaona haya, utadhani mahubiri ya mazishi. Halafu nilitaka mkubwa wake aifute kesi kwa simu moja, lakini sijui kama siku hizi mambo yanakwenda hivyo. Na je, ataachwa kweli aendeshe kesi ambayo shahidi ni mjomba wake? Nisaidieni, na msinionee huruma.

DogoTanga

Bi mkubwa, andika mapenzi. Kesi zenyewe tukizisikia kwenye taarifa ya habari tunahamisha chaneli. "Upelelezi haujakamilika, imeahirishwa hadi wiki mbili zijazo." Hiyo ndiyo riwaya?

Wakili_wa_Pembeni

Mwache dogo. Mimi niliendesha mashtaka miaka tisa kabla ya kuvuka kwenda utetezi. Sitadanganya, mshahara ndio ulionivusha.

Tuanze na hiyo simu. Zamani wala haikuhitaji kuwa ndefu. Katiba ya zamani ilimpa Mwanasheria Mkuu uwezo wa kuisimamisha kesi yoyote ya jinai kabla ya hukumu, bila kumweleza mtu sababu. Karatasi moja tu, nole prosekwi, na mshtakiwa anakwenda kwao. Bila shaka unakumbuka 2005, maana hapo ulipo si mbali. Aprili mwaka ule Tom Cholmondeley, mrithi wa ukoo wa walowezi wa Delamere, alimpiga risasi Samson ole Sisina, askari wa wanyamapori, kwenye ranchi ya Soysambu karibu na ziwa Elmenteita. Alisema alidhani amevamiwa na majambazi. Mwezi uliofuata Mwanasheria Mkuu, Amos Wako, akaifuta kesi. Wamaasai wakaandamana. Mimi wakati ule nilikuwa mgeni kazini, na nakumbuka nilipanda matatu nikiwa nimefunika mafaili kwa gazeti, abiria wasijue ninakofanya kazi.

Ikafika Mei 2006. Ranchi ileile, mtu yuleyule, na safari hii aliyekufa ni Robert Njoya, fundi wa mawe. Hiyo haikufutika. Mshtakiwa alikaa gereza la Kamiti miaka mitatu kesi ikisikilizwa, na Mei 2009 Jaji Muga Apondi akamtia hatiani kwa kuua bila kukusudia, si kwa kukusudia. Akampa miezi minane juu ya miaka aliyokwisha kukaa. Kuna waliosema ni kidogo mno, na kuna waliosema asingekuwa Delamere asingeshtakiwa hivyo. Na Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma wakati huo alikuwa Keriako Tobiko, naye ni Mmaasai. Yeye simsemei. Lakini wewe una mtu wako wa kubuni: mkalishe kwenye kiti cha namna hiyo, umhesabie simu anazopokea jioni moja kutoka nyumbani.

Tangu Katiba ya 2010 mambo ni mengine. Ibara ya 157 inasema Mkurugenzi wa Mashtaka haamrishwi na mtu yeyote, na hawezi kuiondoa kesi bila ruhusa ya mahakama. Kwa hiyo kama riwaya yako ni ya leo, simu peke yake haitoshi. Mkubwa lazima asimame mbele ya jaji aombe, na jaji ana haki ya kumuuliza kwa nini. Hiyo ni sura nzima umepewa bure. Ukiitaka simu, irudishe riwaya kabla ya 2010.

Ya mjomba: haitawezekana. Siku anapoona jina lake kwenye orodha ya mashahidi, Nasieku anapaswa kuandika barua kutangaza kwamba ana maslahi, faili liende meza nyingine. Akikaa kimya, utetezi utalijua kabla ya wiki kwisha na kesi yote itanuka. Ni mjomba wa damu?

MamaTaipu (Nakuru)

Si wa damu. Ni wa ukoo mmoja na mama yake. Kwa kimila ni mjomba kabisa, kwa karatasi ni jirani.

Wakili_wa_Pembeni

Basi hapo ndipo pa kukaa! Akiulizwa kama ana undugu na shahidi, anaweza kujibu hapana, na isiwe uongo, na isiwe kweli. Aandike ile barua au asiiandike? Mwache na kalamu mkononi kurasa tatu. Hotuba tupa.

Maana mwendesha mashtaka hahutubu, jamani. Kazi yake iliyo ngumu kuliko zote ni kuuliza maswali ambayo hayaruhusiwi kubeba jibu ndani. Shahidi niliyemleta mimi siwezi kumwambia "ulimwona akilenga, sivyo?" Wakili wa upande wa pili atakuwa ameshasimama. Ninachoweza ni: kisha ikawaje? Ulikuwa umesimama wapi? Kisha? Na kama shahidi wangu amegeuka, anasema kingine na si alichoandikisha polisi, lazima nimwombe jaji ruhusa nimhoji kama mtu wa upande wa adui. Mbele yake. Nimeomba hiyo ruhusa mara mbili maishani. Ya pili ilikuwa kwa mwanamke aliyevunjwa mkono na mumewe. Aliposikia ninachoomba aliniangalia kama vile mimi ndiye niliyeuvunja.

Sasa Nasieku aombe hiyo ruhusa kwa mjomba.

Kibarua_LA

Nimesoma hapa nikakumbuka mbali. Niliingia Los Angeles 1993 kutoka Mombasa, nikapata kazi ya kuosha vyombo kwenye mkahawa mmoja. Kesi ya O.J. Simpson, nyota mweusi aliyeshtakiwa kwa mauaji, tuliitazama mwaka mzima wa 1995, televisheni iko juu ya friji ya soda. Watu wanamkumbuka Simpson na wakili wake Johnnie Cochran. Mimi macho yangu yalikuwa kwa Christopher Darden, mwendesha mashtaka mweusi.

Huyu bwana, kabla ya kesi hiyo, kazi yake ofisini ilikuwa kuwashtaki polisi. Nasema kuwashtaki. Halafu anatiwa kwenye kesi ambayo sehemu ya ushahidi imepita mikononi mwa mpelelezi Mark Fuhrman, Mzungu, katika mji ambao polisi walirekodiwa wakimpiga Rodney King 1991, wakaachiliwa 1992, na mitaa ikawaka moto siku kadhaa, watu zaidi ya 50 wakafa. Yaani mtu aliyezoea kuwaandama polisi sasa anasimama nao bega kwa bega, mweusi mwenzake yuko kizimbani, na mitaani wanamwita msaliti.

Januari 1995 Darden alimwomba Jaji Ito kwamba juri, wale raia wanaoamua kesi, lisiambiwe kama Fuhrman alikuwa akilitumia lile neno la kuwatukana watu weusi. Alisema wajumbe weusi wa juri wakilisikia tu litawapofusha. Akainuka Cochran. Hakupiga kelele. Akawaomba radhi Wamarekani weusi nchi nzima kwa maneno ya mwenzake, akasema hao ni watu wanaoishi na matusi kila siku ya maisha yao na bado wanakwenda kazini, iweje washindwe kusikiliza ushahidi. Mpishi wetu, mzee mweusi wa Louisiana, alipunguza moto, akafuta mikono kwenye aproni, akasema: "Yule kijana amemalizika leo."

Baadaye kweli zikapatikana kanda Fuhrman akilitaja neno lenyewe mara nyingi, naye alikuwa amekwisha kuapa kwamba miaka kumi halijamtoka mdomoni. Lakini mimi nilichokiona ni kwamba aliyemchoma Darden si Mzungu. Ni mtu wa kwao, mkubwa wake, aliyekuwa akimheshimu, na alimchoma kwa adabu. Na huku nyumbani kaka yake alikuwa mgonjwa wa UKIMWI, akafa mwaka huohuo baada ya hukumu ya Oktoba 3 iliyomwachilia Simpson. Siku ya hukumu Darden alisimama mbele ya waandishi, akaanza kuwashukuru wenzake, sauti ikakatika, akaiacha maikrofoni akaenda zake. Mkahawani kwetu jikoni walikuwa wanashangilia, na wahudumu wa mbele, Wazungu, walikuwa kimya. Mimi na vyombo vyangu katikati, sijui nikae na nani.

Dada, wakili wa huyo Mzungu wako ni nani? Kama umemfanya Mzungu, mbadilishe. Mfanye mtu wa kwao Nasieku, mstaarabu, anayemwita "dada yangu" kila anapomkata.

MamaTaipu (Nakuru)

Kaka wa LA, nilikuwa nimemfanya Mzungu mwenye kipara. Nimemfuta sasa hivi.

DogoTanga

Haya, hapo kwenye kipara nilicheka. Endeleeni.

Mkalimani_Mstaafu (Lamu)

Binti yangu MamaTaipu, salaam. Nilikuwa mkalimani wa mahakama miaka 22, nyingi nikiwa bara, Naivasha na Nairobi. Nitakwambia jambo moja, maana hawa mawakili wamesahau kwamba sisi tulikuwepo.

Mahakama Kuu lugha yake ni Kiingereza. Jaji wa enzi zetu aliandika ushahidi kwa mkono wake. Kwa hiyo korti nzima ilikwenda kwa mwendo wa kalamu: shahidi anasema, mimi nageuza, jaji anaandika, tunangoja. Kalamu ikisimama ndipo swali linafuata. Kwenye sinema watu wanarushiana maneno kama mpira. Kwetu ulikuwa unasikia feni, na wino. Sura yako iandike kwa mwendo huo, uone kama hotuba ina pa kukaa.

Sasa sikiliza. Kesi moja ya bunduki, saa nane mchana, joto, nami nimechoka. Shahidi akasema: "Alipiga risasi, jamaa akaanguka." Mimi nikamgeuzia jaji kwamba alimpiga risasi jamaa, akaanguka. Wakili wa utetezi, kijana wa Kisauni, huyo juu: "Mheshimiwa, shahidi hakusema 'alimpiga'. Amesema 'alipiga'. Kuna herufi hapo mkalimani amemtwika mteja wangu." Watu wakacheka. Jaji hakucheka, aliiweka kalamu mezani. Kwa sababu bila ile *m*, mtu amefyatua risasi, hewani, au kwa mbwa, au kwa majani, na mwingine kwa siku yake mbaya akaanguka. Ukiitia, amelenga mtu. Kuua kwa kukusudia na kuua bila kukusudia vimetengwa na midomo miwili kukutana mara moja. Nilimwomba shahidi arudie. Akarudia: "Alipiga." Nikamwomba jaji afute neno langu, na usiku ule sikulala.

Basi mjomba wako yule. Ni mtu mzima, ameapa, hatasema uongo kortini. Lakini anaweza kuiacha ile *m*. Ataieleza kweli yote, bunduki, mbwa, kijana, saa, jua liko wapi, na kila akifika pale ataipita *m* kama mtu anavyolipita kaburi. Na korti nzima inayojua Kiswahili itasikia kwamba anaipita. Nasieku atasikia kuliko wote. Jaji wako mfanye hodari wa sheria, lakini Kiswahili chake kiwe cha kuulizia bei.

Kama unataka sababu ya mzee kuogopa, mpe hii. Wazee wa ranchi zile walikuwa wakisimulia habari za Peter Poole, Mzungu wa Nairobi aliyemuua kwa risasi mtumishi, Kamawe Musunge, aliyewarushia mawe mbwa wa Poole. Alinyongwa 18 Agosti 1960. Na waliomtia hatiani walikuwa juri la Wazungu watupu, maana enzi hizo juri lilikuwa haki ya Mzungu, Mwafrika alihukumiwa na jaji na wazee wa baraza. Mjomba wako alikuwa mtoto. Alikulia kwenye habari kwamba hata Mzungu kuna siku ananyongwa.

Wakili_wa_Pembeni

Mzee umenifunga mdomo. Niongeze tu kwamba Kenya haijamnyonga mtu tangu 1987, na tangu 2017 Mahakama ya Juu imesema jaji halazimiki kutoa adhabu ya kifo hata kwa muuaji wa kukusudia. Nasieku anayajua hayo. Mjomba hayajui, na Nasieku haruhusiwi kumtembelea jioni amweleze, maana hapo itakuwa ni kumfundisha shahidi la kusema.

Itakuwa sura ya sita na nusu hiyo: yuko kwenye gari nje ya nyumba ya mjomba, taa amezima, anashindwa kuingia.

DogoTanga

Kwa hiyo mtu anakosa kamba kwa herufi moja. Hiyo nitasoma, nitake nisitake.

MamaTaipu (Nakuru)

Shikamoo mzee wa Lamu. Nimefunga kibanda saa moja, nimekaa mpaka sasa hivi, karibu saa saba. Hotuba nimeitupa yote. Wakili wa Mzungu sasa ni kijana wa kwao, walisoma shule moja ya msingi. Kipande chenyewe hiki, kibichi bado:

*"Kisha ikawaje?"*

*"Akapiga."*

*"Akapiga nini?"*

*"Bunduki."*

*Nasieku akangoja kalamu. Mjomba alikuwa amevaa lile koti la kijivu alilolivaa kwenye mazishi ya baba yake, kifungo cha chini kimeshonwa kwa uzi mwekundu. Aliujua uzi ule. Ulitoka kwenye sare yake ya shule.*

*"Bunduki ilielekea wapi, shahidi?"*

*"Kule."*

*"Kule wapi?"*

*Mzee akamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu ale kiapo.*

*"Si kule ulikokuwa ukichungia mbuzi, mama."*

Nimefika hapo nikasimama. Kwetu mjomba kumwita mpwa wake "mama" ni jambo la kila siku, lakini kortini amekwisha kuwaambia watu wote wao ni nani kwa wao, na ile barua Nasieku hakuiandika. Mzee, ungekuwa wewe ndiye mkalimani, hilo "mama" ungemgeuzia jaji vipi?

Mkalimani_Mstaafu (Lamu)

Marahaba, binti yangu.

Mimi ningejifanya sikusikia vizuri. Ningemwomba shahidi arudie, taratibu, kwa faida ya mahakama. Naye si mjinga, angerudia jibu lote na kuliacha lile neno la mwisho, nami ningegeuza hicho alichorudia, neno kwa neno, bila dhambi. Jaji angeandika.

Lakini yule kijana wa kwao ameshasikia mara ya kwanza. Tazama, anafunika kalamu yake.